Mikono Aliyoipenda Khisa

Nangila alijua Mzee Khisa anavyoandika watu kazi kuliko Khisa mwenyewe alivyojijua. Kila asubuhi supavaiza huyo alisimama kwenye geti la shamba la maua hapa Kamere, vibarua wakamnyoshea mikono, naye akapita akiitazama kama mtu anayechagua viazi sokoni. Haulizi jina wala shule. Akiona makovu ya miiba ya waridi anasema, "Huyu amefanya. Ingia." Mikono laini anairuka.

Ndiyo maana Nangila hakuvaa glavu. Miiba ilimchana, lakini hakukosa kibarua.

Kisha Awuor akahamia chumba cha pili kwenye ploti yao ya vyumba vya kupanga. Awuor akicheka, ploti nzima inacheka. Mama mwenye nyumba, ambaye Nangila humsalimia akajibiwa kwa pua, alimwita Awuor "binti yangu" kabla hata hajafungua mizigo. Nangila alifua nguo akimtazama kwa pembe ya jicho, roho ikimchoma.

Ilikuwa karibu Valentine, maua mengi, geti linameza kila mtu. Awuor naye akaingia.

"Dadangu, nifanye aje nisifukuzwe?"

"Vaa glavu kila wakati," Nangila akajibu, uso mkavu. "Usikubali mwiba ukuguse. Wanapenda mtu msafi."

Alijua maua yakipungua Khisa atarudi kuchagua, na mikono laini ya Awuor itabaki nje ya geti.

Maua yakapungua. Lakini shamba likatangaza linataka mtu mmoja wa kudumu, wa kupanga maua kwa urefu wa shina, na wa kuchagua hakuwa Khisa. Alikuwa Natalie, madam mpya wa ofisi kutoka Nakuru mjini.

Nangila aliingia ofisini kwake, na kabla hajakaa akanyosha mikono.

"Hii ni nini?" Natalie akauliza.

"Ni kazi, madam."

"Glavu si mnapewa bure? Mbona huvai?"

"Mzee Khisa hupenda kuona..."

"Khisa anatafuta mtu wa leo. Mimi natafuta mtu wa miaka kumi. Ukiumia, nani atapanga hayo maua? Haya, ngoja nje."

Awuor akaitwa. Dirisha lilikuwa wazi, Nangila akasikia kila neno.

"Wewe mikono yako iko sawa. Nani alikufundisha?"

"Nangila, huyo ametoka sasa hivi! Kama si yeye ningechanika, madam. Huyo ni mtu mzuri sana."

Nangila akaitwa tena. Awuor alimtazama kwa furaha, kama mtu aliyempa rafiki zawadi.

"Ni wewe ulimwambia?"

Akisema si yeye, amemfanya Awuor mwongo. Akieleza kwa nini alimwambia, ni heri ardhi ipasuke.

"Ni mimi, madam."

"Kumbe ulijua, na wewe mwenyewe hukuvaa." Natalie akatikisa kichwa. "Awuor, uanze Jumatatu."

Nje, Awuor alimrukia shingoni. "Nilikutetea, si ulisikia? Nitazidi kumwambia mpaka akuchukue. Tutakuwa tukitoka pamoja asubuhi!"

"Wewe utakuwa unaingia saa mbili," Nangila akasema, akijitoa mikononi mwake. "Sisi wa geti tunatoka mapema."

Akatangulia njiani, Awuor nyuma yake akiongea bila kukoma. Laiti angejisifu, hata kidogo tu, Nangila angepata sababu ya kumchukia vizuri.