Viini Thelathini na Kimoja Vimelala

Kompyuta mpya ilipofika ofisi ya mito, mkuu aliizunguka akiipiga picha kama bibi harusi. "Ina viini thelathini na viwili," alisema. "Ni kama kuajiri wapiga hesabu thelathini na wawili kwa mpigo!"

Mhandisi wa mafuriko, ambaye wenzake walimbandika jina la Mama Maji, aliwasha programu ya utabiri saa mbili asubuhi. Ilimaliza saa kumi na moja jioni. Kompyuta ya zamani ilikuwa ikimaliza robo saa tu baada ya hapo. Na mvua ikinyesha milimani, maji huchukua saa sita kufika mabondeni. Utabiri ungewakuta watu wameshapanda juu ya mapaa.

Alipofungua dirisha la kuonyesha kazi ya viini, damu ilimchemka. Kimoja kilikuwa kinahangaika peke yake. Vingine vyote vilikuwa vimelala fofofo.

Akampigia kaka yake mkubwa, mwalimu mstaafu wa hesabu, aliyeiandika programu hiyo miaka mingi nyuma.

"Kaka, programu yako inatumia kiini kimoja tu."

"Kwani inakosea?"

"Haikosei. Inachelewa!"

"Basi nunueni mashine yenye kasi."

"Ndiyo hii, kaka. Ndiyo hii!"

Kesho yake kaka alikuja, akavaa miwani, wakapitia mstari baada ya mstari. Programu ilihesabu kijito cha kwanza, ikaja cha pili, hivyo hivyo hadi cha arobaini.

"Kijito cha tatu kinasubiri nini kwa cha pili?" aliuliza Mama Maji.

"Hakuna. Niliviweka foleni tu."

Mama Maji alivuta pumzi, akahesabu hadi kumi. Kisha wakagawa vijito, kila kiini na fungu lake. Dakika arobaini, kazi imekwisha! Mkuu alipiga makofi. Lakini majibu yalidai kijito kimoja kinapandisha maji mlimani. Wakarudia, yakaja mengine. Mara ya tatu, mengine tena.

"Viini vyote vinaandika kwenye jedwali moja!" Mama Maji alipiga meza. "Kimoja kinaandika, kingine kinafuta!"

"Sasa unaona kwa nini mimi nilitumia kimoja."

"Usinianze, kaka."

Walibishana siku tatu. Mwishowe kila kiini kilipewa jedwali lake, na majibu yakajumlishwa mwishoni. Majibu yakatulia. Mkuu naye akachungulia mlangoni: mbona kasi haijawa mara thelathini na mbili?

"Mkuu, mto mkubwa hauhesabiki kabla vijito havijaleta maji yake. Hapo lazima vingine vingoje."

"Lakini tangazo lilisema…"

Mama Maji alimfungia mlango, kwa adabu.

Wiki iliyofuata mvua ilipiga milimani tangu alfajiri. Saa tatu kasoro utabiri ulikuwa mkononi. Alimpigia mwalimu mkuu wa shule iliyo karibu na kivuko, naye akawavusha wanafunzi wote hadi upande wa mwinuko kabla ya saa nne. Saa saba mchana kivuko hakikuonekana tena. Palikuwa na maji tu. Mama Maji alikaa kitini.

Kaka alipiga simu jioni. "Ilitoa jibu sahihi?"

"Ilipishana na kina halisi cha maji kwa nusu mita. Watoto wote wako salama."

"Alhamdu… Ngoja. Nusu mita? Nusu mita nzima? Nakuja kesho asubuhi!"

Mama Maji alifumba macho. "Njoo mchana, kaka. Asubuhi niache nipumue."