Malori Arobaini ya Karatasi

Bwana Mutiso alifika Malaba mpakani kutoka ofisi kuu ya Nairobi na karatasi ndefu ya kompyuta, akaitandaza juu ya meza yangu. Ilisema malori themanini yaliingia yadi ya kampuni yetu mwezi huo, na arobaini tu yakatoka.

"Dada Roselida, hayo mengine yako wapi?" aliniuliza. "Mlinzi tumeshamfukuza. Sasa ni zamu yako, karani."

Mlinzi wetu, Mzee Ojiambo! Mtu ambaye hajawahi kuokota hata msumari wa mwenzake! Nilisimama, nikamwambia bwana huyo anifuate nje, hadi kwenye lori la kwanza.

"Soma namba ya mbele." Akasoma. "Sasa soma ya trela." Akasoma. Ilikuwa namba nyingine kabisa.

Hapa madereva hubadilishana trela, kwa hiyo lori likiingia tunaandika kadi mbili, ya kichwa, yaani sehemu ya mbele yenye injini, na ya trela. Likitoka, tunaandika ya kichwa peke yake. Hata wauza ndizi wa getini wanajua.

"Mashine yenu haikudanganya," nilimwambia. "Mliiuliza kadi ni ngapi. Mngeiuliza vichwa ni vingapi, ingewajibu arobaini. Lakini ninyi mliona heri kutafuta mwizi!"

Alitoa kalamu, akakata themanini, akaandika arobaini. Kazi ya dakika moja.

"Mzee Ojiambo amerudi kwao Namboboto na barua yenu inayomwita mwizi," nikasema. "Hiyo nayo ikate. Kalamu si unayo?"

Akairudisha kalamu mfukoni.