Denny Meehan na Kondoo Waliolowa

Silas Crabb aliutunga ule wimbo huku akila kitoweo nilichopika mimi, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Mvua ilikuwa imenyesha. Kondoo wakilowa, desturi ya wakata manyoya wa Queensland, Australia, ni moja: kila mtu hukata manyoya ya kondoo wawili, kisha kura ya siri hupigwa ndani ya kofia. Wamelowa, au wamekauka? Wakiwa wamelowa kazi husimama, maana ubaridi wa manyoya yenye maji humwingia mtu kifuani akaugua. Siku hiyo kura zote zilisema wamekauka, isipokuwa moja.

"Nani huyo bibi harusi anayeogopa umande?" Silas, mmoja wa wakata manyoya, akauliza.

"Mimi," mume wangu Denny akajibu, wala hakulazimika kusema. "Kifua changu nakijua mwenyewe, kaka. Hao kondoo wamelowa chapachapa."

Wengi wape. Wakakata. Jioni Silas alikuwa tayari na beti za Denny Meehan aliyemkimbia kondoo, na wenzake wakazipigia vijiko kwenye sahani za bati. Denny naye alicheka, huku anakohoa. Kabla ya msimu kwisha tulimzika nyuma ya banda la kukatia manyoya, nami nina mimba yake.

Wimbo haukuzikwa. Ulitembea na wakata manyoya banda kwa banda, ukaingia harusini, ukafika shuleni. Miaka ilipita, na siku moja Bridie, binti wa mimba ile, alirudi nyumbani akiuimba, anarukaruka.

"Mama, huyu Denny Meehan mwoga ndiye baba?"

Silas alipopita tena kwenye hoteli ninakopika, nilimfuata kaunta na kisu cha nyama mkononi, nimesahau kukiweka.

"Mtoe mume wangu humo."

"Nora, dada yangu, wimbo ukishatoka haurudi kwa kuitwa."

"Wewe ndiye uliyeutoa! Nchi nzima inaimba unavyoimba wewe. Mtoe!"

Alikitazama kisu, kisha akanitazama mimi, na machozi yakamlengalenga. "Tulijua wamelowa," akasema. "Sote tulijua. Tulitaka tu kumaliza twende zetu." Akaahidi kulibadilisha jina.

Mwongo huyo, kwa mara moja maishani, alitimiza ahadi. Msimu uliofuata waliingia vijana wageni, wakaagiza bia, wakauanza ule wimbo. Nilikuwa jikoni nakanda unga. Walipofika penye jina wakaimba Jimmy Keegan, mtu ambaye hata hayupo. Walicheka palepale watu walipomchekea Denny, wakapiga vijiko palepale.

Nilipaswa kufurahi. Badala yake niliacha kukanda. Mafuriko yalishalibeba kaburi pamoja na msalaba wake. Picha hatukuwahi kupiga. Jina la Denny lilikuwa limebaki vinywani mwa watu wanaomcheka, na mimi ndiye niliyevifumba vinywa hivyo.

Bridie akaja mbio. "Mama, wanakosea! Si Jimmy, ni Denny!"

"Nenda ukawaambie," nikasema.

Alisimama mlangoni akaimba jina la baba yake kwa nguvu zake zote. Wale vijana wakatabasamu, na mmoja akainama kumsemesha kwa upole.

"Hapana, mwanangu. Aliyekufundisha amekosea. Ni Jimmy."