Alama Nne kwa Kumi

Kwa miaka kumi na miwili mkunga aliandika safu ya michezo ya video gazetini, na hakuwahi kuupa alama mchezo asioumaliza. Jumamosi mhariri, akiwa amesoma makala yake kuhusu mchezo mpya, alimfuata hadi sebuleni kwake.

"Dada, nne kwa kumi haipiti. Watengenezaji wamenuna. Weka saba, la sivyo safu nampa mwingine."

"Wewe umecheza hadi wapi?"

"Hatua ya pili. Mtamu kweli."

"Mgeni siku mbili, kaka. Hujapewa jembe. Ukifika hatua ya tisa, mchezo wenyewe unafuta kila ulichohifadhi. Umenifutia saa thelathini, nikarudia zote, ukafuta tena."

"Nani atafika huko?"

"Aliyeununua."

Mhariri akacheka. "Upoteze safu kwa mchezo wa watoto?"

"Mtoto ni nani? Nina miaka hamsini na miwili."

Akaifungua makala kwenye kompyuta, akaifuta ile nne. Mhariri akashusha pumzi. Mkunga akaandika tatu.

"Safu mpe umtakaye," alisema, akaituma makala mtandaoni kwa jina lake mwenyewe, mhariri akiwa bado kitini.