Kifungu cha Tisa

...na ile ndiyo ilikuwa yake, hakuna wa kumsingizia, ilitoka kinywani mwake mwenyewe, nene, yenye mwangwi, ndiyo ya mtu aliyeshiba sifa, na sasa Waziri amesimama mbele anashukuru, anamshukuru Spika, anaishukuru kamati, anawashukuru wataalamu wa wizara mmoja mmoja kama bwana harusi anayeogopa kumsahau mjomba, shukuru, Waziri, shukuru, usimalize upesi, kwa maana ukimaliza utaomba muswada usomwe mara ya tatu, na ukishasomwa mara ya tatu hakuna mkono humu ndani utakaoufikia tena, utabaki kungoja saini ya mkuu wa nchi, na kifungu cha tisa kitakuwa sheria kama kilivyo, kwamba yatima anayelelewa bila hati ya mahakama achukuliwe, akae katika makao ya serikali mpaka hati ipatikane... na kule juu, kwenye roshani ya wageni, dada mkubwa wa mbunge huyu mwenye ile ndiyo amekaa safu ya mbele, mkoba magotini, anamtazama huku anatabasamu. Anatabasamu! Ameisikia ile ndiyo, bila shaka ameisikia, sauti ya nduguye angeitambua hata sokoni, naye amedhani ndivyo vita vyenyewe, ndio ushindi wenyewe, maana nani alimweleza kwamba siku ile mdogo wake angepaza sauti akashinda? Alimweleza yeye mwenyewe, jikoni, binti wa marehemu kaka yao akiwa amelala kifuani pa dada, mkono mdogo umelishika sikio la shangazi yake kama alivyozoea tangu wamzike baba yake, hati ya nini, dada alisema, nani aliwahi kwenda mahakamani kuomba ruhusa ya kumlea mtoto wa nduguye? Naye akajitanua kitini, akafundisha, kwamba mara ya kwanza husomwa jina tu la muswada, mara ya pili ndipo watu huubishania kwa ujumla wake, kisha Bunge zima hukaa kama kamati, likapita kifungu kwa kifungu, na hapo, dada, hapo ndipo neno huweza kuingizwa au kung'olewa, mara ya tatu ni kuagana tu. "Mara tatu zote hizo," dada akasema, "kwani hamwelewi mnachosoma?" Akacheka, akasema nitaingiza maneno machache, isipokuwa anayelelewa na ndugu wa damu, basi, mtoto hatatoka humu ndani. "Na utasema kweli, Bubu? Usije ukanyamaza kama zamani." Bubu... hakuna mwingine aliyebaki duniani wa kumwita hivyo, alichelewa mno kusema, na miaka yote ile dada ndiye aliyekuwa ulimi wake, ana njaa huyu, ana homa huyu, huyu hataki kubebwa na wewe.

Nabii mmoja wa kale, aliyekuwa mzito wa kusema, alimwomba Mola amfungue fundo la ulimi, na yeye leo, astaghafiru, angeomba afungwe, kwa kuwa ulimi huu ulipofunguka haukumtumikia mtu ila bwana wake, hotuba yake ya jana iliwaliza wabunge wazima, na leo kamati ilipokaa, Katibu akiviita vifungu kwa ile sauti yake ya kuhesabu magunia, kifungu cha sita, wanaoafiki, ndiyooo, kifungu cha saba, ndiyooo, jirani yake wa kiti, yule mnene wanayemwita Kengele, alimwinamia akamnong'oneza, "Mzee, jana uliua, hata mke wangu alilia akikusikia redioni," naye akainama kupokea, hakuweza kungoja, akauliza, "Alilia wapi hasa, pale pa yatima?" na Katibu akasema kifungu cha tisa, na Mwenyekiti akainua uso, akamtazama yeye, maana pendekezo lilikuwa la kwake na asiposimama linakufa, na yeye, tabasamu likiwa bado usoni, akaitikia pamoja na kundi, kwa mazoea, kama mtu anayesema amina kwa dua asiyoisikia, ndiyooo, akawashinda wote kwa sauti. Kufikia cha kumi ndipo alipotambua alichokiitikia.

"...na niwashukuru pia madereva wa wizara," Waziri anasema, "waliotufikisha salama..."

"Huyu atafika mpaka kwa paka wa ofisi," ananong'ona Kengele, naye hacheki, anahesabu njia, ipo moja, kanuni zinamruhusu mbunge, kabla Spika hajawahoji wabunge, kusimama na kuomba muswada urudishwe kwenye kamati kwa ajili ya kifungu kimoja, ila lazima aseme sababu, na sababu ni ipi, Mheshimiwa Spika, nilikuwa nasifiwa? Watacheka mpaka Bunge livunjwe, watamwita Mheshimiwa Ndiyo, magazeti yatachora mdomo wake... au akae, kukaa ni rahisi, na jioni amwambie dada, walinizidi kura, na angalia jinsi uongo huo ulivyokwisha kuvaa, umechana nywele, unangoja mlangoni tu! Na dada ataamini. Hatamlaumu, hilo ndilo linalomchoma, atamwambia pole, Bubu, ulijitahidi, atamkaribisha kiti, na pole hiyo ataipokea vipi, kwa mikono ipi, siku watakapokuja kuutoa ule mkono mdogo sikioni... Nyumbani husimulia kwamba neno lake la kwanza katika maisha lilikuwa "si mimi", mtungi ulikuwa umevunjika, naye ndiye aliyeuvunja, na watu wakapiga vigelegele, Bubu amesema, Bubu amesema, hata hakuna aliyekumbuka kuuliza tena, isipokuwa mama, baadaye, na dada ndiye aliyechapwa, akichapwa huku anacheka kwa furaha, amesema, mama, umemsikia, amesema! Kumbe neno lile hajalitua tangu siku ile, amelipamba tu, amelipa misamiati na suti... Waziri bado anashukuru, anageuza karatasi, dada bado anatabasamu kule juu, ameinua vidole viwili kutoka kwenye mkoba, salamu ndogo isiyovunja heshima ya ukumbi, na kidole chake yeye kimeshagusa kitufe cha kipaza sauti, hakijabonyeza, mwache mtu amalize, na midomo yake inajaribu polepole, bila sauti, kama mtoto anayejifunza, ni mimi, Mheshimiwa Spika, ni mimi.