Manivela Isiyobatizwa

Mimi si mtu wa kugombana hovyo, lakini siku Wenceslas, mshirika wa mume wangu, aliponiambia kwamba gunia la mchanga litachukua nafasi yangu, nilitaka kumtwanga kichwani kwa sufuria ya pondu, majani yetu ya muhogo, niliyokuwa nimeishika. Gunia! Mimi Kahambu, mke wa Ignace fundi, niliyeteremka mteremko wa mto Tshopo nyuma ya baiskeli mpaka makalio yangu yakajua kila jiwe la barabara ile, leo nabadilishwa na gunia!

Asiyeijua Kisangani ya miaka ile ya vita atacheka. Acha acheke. Boti za kutoka Kinshasa zilikuwa hazipandi tena, petroli ilikuwa ya wanajeshi na wakubwa, na mji mzima ulikuwa umebebwa na toleka, yaani baiskeli zenye kiti cha sponji nyuma. Toleka zilibeba wagonjwa, mabibi harusi, hata majeneza. Breki za mkono zilikuwa zimekufa zamani, mpira wa kuzifufua haupatikani, kwa hiyo watu walifunga zile za kukanyaga kinyumenyume. Sasa fikiria mwenyewe: unateremka na mtu nyuma, unakanyaga ili usimame, na manivela, kile chuma kinachoshika pedali, inakatika chini ya mguu wako. Hapo umebaki wewe na Mungu wako.

Manivela za dukani zilipokwisha, mafundi wetu wakaanza kuzifua wenyewe. Na walikuwa na desturi moja ambayo hakuna fundi aliyethubutu kuiruka. Manivela mpya haikuuzwa kabla ya kubatizwa. Fundi anaifunga kwenye baiskeli, anampakia nyuma mtu wa nyumba yake mwenyewe, si jirani wala mfanyakazi, kisha anateremka naye mpaka karibu na daraja la Tshopo na kusimama kabla ya kizuizi cha askari. Ikishika, basi na mke wa mwenzako anaweza kuipanda. Katika karakana yetu ya Kabondo, mtu huyo alikuwa mimi. Mungu alinipa mwili wa kutosha na sijawahi kuuonea haya. Vijana wa toleka waliniita Marraine, mama wa ubatizo, na nilipopita sokoni walipiga kengele zote kwa pamoja. Nilipenda sana. Kwa nini niseme uongo?

Kilichotuharibia ni chuma. Ignace alifulia springi za malori, na springi zikaisha. Wenceslas wa Mangobo, fundi mwenzake na mshindani wake, alikuwa na chuma lundo zima, zile nondo zilizong'olewa kwenye nyumba zilizobomolewa siku majeshi mawili ya wageni yalipopigania mji wetu, kana kwamba sisi tuliwaalika. Yeye alikuwa na chuma, sisi tulikuwa na jina. Wakanywa bia, wakaunganisha karakana zao, wakaandika kwenye ubao mkubwa: ATELIERS RÉUNIS, yaani Karakana Zilizoungana. Jina la Wenceslas lilitangulia. Hilo nililimeza.

Kisha ikatoka manivela yao mpya. Ilikuwa nene kuliko ya Kichina, imepakwa rangi nyekundu, na Wenceslas aliipa jina la Manivela ya Mteremko. Ilipendeza macho, siwezi kukataa. Nikauliza tunabatiza lini.

"Mama Kahambu, sasa tuko usine, kiwanda ya kweli, hatuko forge ya kijiji," Wenceslas aliniambia. "Tunatundika gunia ya muchanga kwa manivela, inalala pale usiku muzima. Gunia iko muzito kukushinda, na haisemaka kitu."

"Na manivela ikivunjika, nani atalilia gunia?"

Alicheka mpaka akakohoa. Nikamgeukia mume wangu anitetee. Ignace alikuwa anachokoa uchafu kwenye kucha.

"Bon, Kahambu, njo mambo ya sasa," alisema. "Na tena magoti inakuumaka."

Magoti yangu! Tangu anioe Butembo na kunileta huku, magoti yangu hayajawahi kumkosesha usingizi hata usiku mmoja. Leo ndiyo ameyaona! Jioni ile nilimwekea chakula, na yeye, mtu anayeongea hata akiwa na mfupa mdomoni, alikula haraka akainuka. Nikajua ameanza kuniona mzee. Nikajua anaona aibu mbele ya mshirika wake mpya kuonekana na mwanamke mnene nyuma ya baiskeli, kama fundi wa kijiji. Nililia kwa hasira, na niliapa kwamba nafasi yangu nitairudisha mbele ya watu.

Walipanga kuonyesha manivela zao Jumapili baada ya misa, juu kabisa ya mteremko. Vijana wa toleka walijaa pande zote mbili za barabara. Nilipofika bado nimevaa kitenge changu cha kanisani, Ignace alikuwa amepiga magoti kando ya baiskeli ya Assumani, akikaza jozi ya kwanza iliyouzwa.

Assumani tulimjua vizuri. Ni kijana wa Maniema, mpole, aliyekula kwetu mara nyingi kuliko nyumbani kwake kabla hajaoa. Mkewe Joëlle alikuwa na mimba kubwa, na asubuhi hiyo Assumani alikuwa anampeleka kwa mama yake mzazi, ng'ambo ya daraja, mbele ya Masako, akajifungulie mahali ambapo bunduki hazisikiki. Ignace alikaza parafujo ya mwisho. Akafunga mzigo wa Joëlle kwa mpira, akavuta kuhakikisha hautaanguka. Kisha akamshika mkono akamketisha kwenye kile kiti cha sponji, taratibu, kama baba.

"Safari njema, mutoto yangu," alimwambia. "Unisalimie mama."

Wenceslas akapaza sauti, "Haya, ya kwanza inashuka!"

"Ngojeni," nikasema, nikasimama mbele ya gurudumu na mikono nimeitandaza. "Hii manivela haiyabatizwa."

Vijana wakapiga miluzi. "Marraine! Marraine!" Kengele zikalia kama zamani, na moyo wangu ukapanda. Wenceslas akaanza na hadithi yake ya gunia, nikamkatiza.

"Gunia yako uilishe pondu. Pale iko baiskeli ya atelier, na yenyewe iko na manivela nyekundu. Ignace, panda. Tunashuka miye na weye, kiisha Assumani atafwata."

Watu wakapiga makofi. Wenceslas, mtu asiyeweza kuwanyima watu kitu wanapompigia makofi, akamsukuma mume wangu begani. "Alors, Papa Ignace, onyesha batu!"

Ignace aliichukua baiskeli polepole. Akapanda. Nami nikaketi nyuma kwa upande, nikapanga kitenge changu, nikamshika kiuno kama siku zote. Nasema kweli, nilikuwa na furaha. Nilikuwa nimelishinda gunia. Mbele yetu barabara ilishuka moja kwa moja, na chini kule daraja lilionekana, na askari wawili wamekaa kivulini kando ya kizuizi chao.

Ignace akaweka mguu juu ya pedali.

"Twende," nikamwambia.

Hakwenda.

"Twende, batu banangojea."

"Kahambu," alisema bila kugeuka. "Shuka."

Nilidhani ni yale yale ya aibu. "Sishuki! Juu ya nini nishuke? Niko muzito sana leo? Sema, batu basikie!"

"Shuka tu. Nakuomba, mama." Mguu wake ulikuwa umeondoka kwenye pedali, uko chini, umeganda. "Hii chuma iko ya nyumba. Haiko ya kubeba mutu."

Kengele zilinyamaza. Wenceslas alisema kitu kuhusu fundi aliyekunywa asubuhi, lakini hakuna aliyemwangalia. Mimi nilikuwa bado nimeketi na mikono kiunoni mwa mume wangu, na nilielewa yote mara moja: kucha, magoti, kimya cha mezani. Hakuniona mzee. Alikuwa ananilinda. Mwanamke mwingine angefurahi kugundua kwamba anapendwa kiasi hicho. Mimi sikufurahi, kwa sababu niliinua macho na kumwona Joëlle.

Alikuwa bado ameketi nyuma ya Assumani, tumbo mbele, mkono mmoja juu ya ule mzigo. Alikuwa anamtazama Ignace. Hakukasirika hata kidogo, na hilo ndilo lililoniua. Alikuwa kama mtu anayengoja kuelezwa vizuri.

"Papa Ignace," alisema, "na miye?"

Ignace akainamia kucha zake.

"Jibu!" nikapiga kelele, nikaruka chini, kitenge kikanaswa kwenye mnyororo na kupasuka, sikujali. "Mutoto anakuuliza! Bibi yako ashuke, bibi ya mwenzako aende? Umemuketisha na mikono yako! Umemutakia safari njema!"

"Kahambu, tutaongea nyumbani."

"Nyumbani gani?"

Assumani alikuwa ameshamshusha mkewe. Akainama, akachukua jiwe la barabara, akaanza kuigonga ile manivela nyekundu ili itoke, na kila pigo Ignace alifumba macho. Mimi nilimfungua Joëlle mzigo wake, nikauweka kichwani mwangu. Masako ni mbali kwa miguu, na magoti kweli yalikuwa yananiuma. Nikamshika mkono tukaanza kuteremka.