Mkonga wa Bibi

Gari lile la deraya lilikuwa kuukuu kuliko askari yeyote aliyewahi kulipiga rangi, ndiyo maana kambini waliliita Bibi. Kazi yake ilikuwa gwaride tu. Lilitoka mara mojamoja, likakohoa mbele ya jukwaa, likarudi bandani kulala. Lakini siku ile magari mapya yote yalikuwa mpakani, na sajenti aliingia karakana asubuhi akiwa amevaa kofia ya chuma.

"Mzee Tone, mjaze Bibi. Mpaka shingoni."

Tone lilikuwa jina la utani. Mtunza mafuta yule hakuvumilia petroli imwagike, na kila kijana aliyewahi kushika debe mbele yake alishafokewa: "Hata tone!"

"Leo kuna gwaride, afande?"

"Lipo. La kiwanda cha nguo."

Tone aliweka chini kitambaa cha kufutia mikono. Wafanyakazi wa kiwanda walikuwa wamejifungia ndani tangu boila ilipopasuka na kuua wenzao. Walikaa nyuma ya lango, wakisema hawatoki mpaka miili ifukuliwe na kila familia ikabidhiwe mtu wake. Mmoja wao alikuwa mpwa wake Tone, mtoto pekee wa dada yake. Jana dada alikuja, akasimama mlangoni, akakataa kiti. "Kaka, mimi nina huyu mmoja tu. Nenda kanitolee." Naye alimwahidi kwamba leo akitoka kazini ataenda.

"Mnakwenda kufanya nini huko?" aliuliza.

"Kufungua lango. Bibi ana kichwa kigumu." Sajenti hakucheka. "Harakisha."

Kumjaza Bibi si kama kujaza lori. Waliomtengeneza waliogopa risasi, wakalificha tangi nyuma ya kiti cha dereva, na njia ya mafuta wakaipitisha kwenye kona ndani ya chuma. Mpira wa kawaida haukupenya. Palihitajika mkonga, yaani bomba la bati lililopindwa kama mkonga wa tembo, huku lina faneli na chujio la shaba, kule lina ncha nyembamba. Ulibaki mmoja tu, nao ulining'inia kwenye msumari juu ya meza ya Tone.

Aliutungua. Akatazama mlango. Kisha akauweka kwenye jiliwa, koleo la mezani la kubania vyuma, na kuzungusha mpini mpaka bati likalia na shingo ya mkonga ikabanana kama midomo ya mtu aliyenuna. Alifanya hivyo upesi, kama mtu anayechinja, ili asipate nafasi ya kufikiri.

Nje, Bibi alikuwa amesukumwa hadi kwenye pipa la petroli. Pampu ya mkono ilikwisha kufungwa juu ya pipa, na askari wawili walisubiri na debe lao. Dereva alikuwa amechomoza kichwa tu kwenye tundu la juu. Walimwita Kobe.

"Shikamoo, mzee Tone."

"Marahaba. Toka humo. Gari halijazwi likiwa na mtu tumboni."

"Afande kasema nikae tayari. Halafu nikitoka, Bibi ataona wivu."

Sajenti aliupokea mkonga, akaugeuza huku na huku. "Umekufa?"

"Vya kale huchoka, afande."

"Kweli." Akauweka kando. "Mimineni kwa debe hivyo hivyo."

Askari mmoja akapanda mgongoni mwa Bibi, mwenzake akampokeza debe, wakamimina. Petroli iliteremka kwenye tundu, ikagonga kona, ikarudi. Iliyobaki ikatafuta njia yake yenyewe ndani ya gari.

"Jamani," Kobe aliita kutoka ndani, "kiti changu kinalowa. Bibi kajikojolea!"

Wale askari walicheka. Tone hakucheka. Chini ya kiti kile ilikaa mota ya kuwashia injini, na nyaya zake zilikuwa zimetafunwa na panya siku nyingi. Kila Kobe alipobonyeza kitufe, cheche ya buluu iliruka pale chini. Kwenye gwaride haikuwa na ubaya, kwa kuwa sakafu ilikuwa kavu. Alikuwa ameomba sehemu mpya za nyaya zile mpaka akachoka kuomba.

Akamtazama sajenti. Sajenti alikuwa anatazama barabarani.

"Tuwashe, afande?" aliuliza Kobe.

"Usiguse!" Tone alisikia sauti yake kabla hajajua kwamba anasema. Alipanda juu ya gari, akamkamata Kobe kwenye ukosi, akamvuta nje.

"Polepole, mzee, mimi si debe!"

Suruali ya Kobe ilikuwa imelowa petroli kuanzia kiunoni. Alipouona uso wa Tone, mzaha ukamwisha. Akajitazama, akavua suruali palepale bila kuambiwa.

Tone aliamuru maji na mchanga. Wakaosha sakafu, wakakausha kwa matambara, wakaacha milango wazi mpaka harufu ikapungua. Kisha akarudi ndani na mkonga wake. Akapenyeza mti mwembamba ndani ya shingo iliyobanwa, akagonga bati kwa nyundo ya mbao, taratibu, mpaka likafunguka. Hakuna aliyemwamuru, ila debe lilikuwa bado mkononi mwa askari. Alitoka, akafunga mnyororo wa chuma kati ya pipa na gari, ule wa kuzuia cheche, akaingiza mkonga, akawaambia askari wapige pampu. Petroli ikashuka kwa sauti ya mwenye kiu anayemeza. Halikumwagika hata tone.

Sajenti alimsogelea. "Jiliwa lako lina meno, mzee. Nimeyaona kwenye bati."

"Uliona tangu mwanzo?"

"Tangu mwanzo."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, ningelazimika kukutia ndani. Nani angenijazia?" Akavaa glavu zake. "Nenda nyumbani. Leo umefanya kazi ya kutosha."

Tone hakwenda nyumbani. Bibi hakuweza kukimbia, alikwenda mwendo wa gwaride, na kupitia nyuma ya reli mtu angeweza kumtangulia. Alikimbia kama wanavyokimbia wazee, miguu ikitaka na kifua kikikataa.

Langoni mpwa wake alimwona kwanza. Alikuja mpaka kwenye vyuma na kucheka kwa furaha. "Mjomba! Umekuja kukaa na sisi?"

"Amekuja kuzuia boila isivuje!" alidakia mmoja nyuma yake, na wengine wakacheka.

"Toka, mwanangu. Panda ukuta wa nyuma, toka sasa hivi. Bibi anakuja."

"Bibi wa gwaride?" Kijana alishika vyuma, akausogeza uso. "Mama anajua upo hapa?"

"Yeye ndiye aliyenituma. Toka."

Alivuta pumzi, akaitazama mikono ya mjomba wake iliyoshika lango, akavuta pumzi tena.

"Mjomba, unanuka petroli."

Tone aliiondoa mikono kwenye vyuma.

"Umemjaza wewe?"

"Kulikuwa na mtu ndani. Kijana kama wewe. Angeungua."

"Na sisi?"

"Ndiyo maana nimekuja. Toka, utanitukana ukiwa nje."

Mpwa wake hakumtukana. Alisema kwa adabu, kama mtu anayemsindikiza mgeni, "Rudi nyumbani, mjomba. Humu kuna watu wangu chini ya matofali." Akageuka, akaenda kukaa mstari wa mbele, akashikana mikono na mwanamke mmoja na mzee mmoja.

Bibi alitokea kwenye kona. Tone aliligeukia gari, akatandaza mikono mbele ya lango. Kobe alikuwa ndani, lakini kitundu cha dereva kilikuwa chembamba, na mtu aliyesimama karibu hakuonekana. Askari wawili walimvuta Tone pembeni. Walikuwa ni wale wa debe. Hawakumpiga. Mmoja alisema, "Samahani, mzee."

Lango lilianguka ndani, kwa upana wake wote, juu ya waliokaa.

Jua lilipoanza kushuka, Tone alifika kwa dada yake. Alimkuta amesimama mlangoni.

"Umemtoa?"

"Tumemtoa chini ya lango. Yuko hospitali, chumba cha nyuma." Hakuweza kutamka lile neno, na dada hakuhitaji alitamke. Akamweleza yote: jiliwa, debe, kiti kilicholowa, nyundo. Hakuacha kitu, hata kile kilichomhukumu.

Dada alisikiliza mpaka mwisho. "Huyo dereva ana mama?"

"Anaye."

Aliingia ndani, akatoka na shuka safi ameikunja mkononi. Tone alinyoosha mkono ampokee. Hakumpa.

"Nioneshe njia," alisema.

Tone akatangulia. Kila alipopunguza mwendo ili waende sambamba, dada naye alipunguza.